Siko seli: natolewa kwenye dawa za maumivu diklo na trama napelekwa mofini ya maji. Mliopita njia hii mlivukaje?

binti_mlimani

Habarini za jioni ndugu zangu. Naombeni mnisome mpaka mwisho, ni ndefu kidogo, leo nimepata nafuu ndo maana nimeweza kukaa kuandika.

Mimi ni dada wa miaka 31, nipo Mwanza, nina siko seli ya SS (ile ya kurithi kwa baba na mama wote), niligundulika nikiwa mdogo kabisa, mama anasema vidole vya mikono na miguu vilivimba vyote akadhani nimeng'atwa na wadudu. Foliki nakunywa tangu nipate akili, haidroksiyurea nimeanza 2021 na kiukweli imenibadilishia maisha, zamani kwa mwaka nilikuwa nalazwa mara tano mara sita, mwaka jana nimelazwa mara moja tu. Kwahiyo kraisisi (yale maumivu makali ya siko seli yanayokuja ghafla) siyo tena kilio changu kikubwa. Kilio changu sa hivi ni nyonga ya kushoto. Eksirei inaonyesha kichwa cha mfupa wa paja kimeanza kusagika, daktari alisema damu haifiki vizuri pale kwahiyo mfupa unakufa taratibu. Haya maumivu hayaji na kuondoka kama kraisisi, haya yapo tu, nikiamka yapo nikilala yapo. Mimi ni fundi cherehani, ile ya kukanyaga kwa mguu, na nyumbani tunakaa mlimani huku Mabatini, mpaka ufike barabarani unashuka ngazi za mawe, wanaopajua wanajua. Siku mbaya nashuka nimekaa, ngazi moja moja.

Sasa dawa. Diklofenaki nimeitumia tangu sekondari, vidonge na sindano, nikishikwa tu mdogo wangu anakimbizwa duka la dawa na hakuna aliyewahi kuuliza kitu. Tangu mwaka juzi nikaandikiwa na tramadoli 50, mara nne kwa siku, nikawa natumia zote mbili na Panadol juu yake. Mwezi uliopita nimepima, mkojo una protini na kreatinini (kile kipimo cha figo) imepanda. Daktari akasema diklo mwisho leo, figo zinaumia, na trama pia anataka nitoke, akaniandikia mofini ya maji mililita 2 na nusu kila baada ya masaa 6, chupa imeandikwa 5 mg kwa 5 ml, nirudi baada ya wiki mbili. Nyuma yangu kulikuwa na foleni mpaka nje, mimi mwenyewe nilikuwa nimechanganyikiwa na habari ya figo, nikatoka bila kuuliza hata moja ya maana.

Nimefika nyumbani mama kuiona ile chupa akakaa chini. Akasema hiyo ndo dawa aliyopewa baba mdogo wiki yake ya mwisho (alikuwa na saratani ya koo). Leo siku ya tatu chupa ipo juu ya kabati imeviringishwa gazeti, sijaifungua. Diklo nimeacha kweli, nipo na trama tu, na usiku naumia jamani, nauma shuka ili wenzangu walale.

Ninachoomba kujua, trama unaiacha siku ileile unayoanza mofini au unafanyaje, maana mwaka jana niliwahi kuishiwa siku mbili nikatokwa jasho, mafua, kuharisha, miguu haitulii kitandani, sikujua kama ni dawa mpaka nilipoipata tena ikaisha. Na hii mofini itanifanya teja? Na je nikishikwa na kraisisi nikiwa tayari natumia mofini, watanipa nini tena kikubwa zaidi ya hapo? Ah na usiku nakunywa pia amitriptilini, nilipewa hospitali nyingine kwa ajili ya usingizi, sijui kama ina neno.

mama_doto

Pole sana mdogo wangu, umeniliza hapo kwenye kuuma shuka. Mimi siko seli anayo mwanangu, ana miaka 9. Mofini nilikutana nayo wodini mara ya kwanza mwaka juzi, mtoto alikuwa amelia usiku kucha sauti imekauka, wakampa ya mdomoni, baada ya kama nusu saa nikaona mabega yanashuka, akaniambia mama naomba uji. Niliogopa kama mama yako. Hakufa, yupo hapa anagombana na mwenzake sare ya kesho.

Nakuomba kitu kimoja tu, usije ukarudi kwenye diklo kimyakimya usiku ukizidiwa. Najua ilivyo rahisi kuipata. Wagonjwa wetu figo zao zinaanza kuguswa na ugonjwa wenyewe tangu utotoni, hazihitaji wa kuzisukuma.

jamaa_wa_kisumu

Dadangu pole sana, na pole kwa mama pia. Mimi ni wa huku Kisumu, SS pia, niko na miaka 38. Mimi sikutoka kwa trama, nilitoka kwa pethidini, dawa nyingine kali ya maumivu, lakini hofu ni ile ile.

Miaka mingi kila nikienda kazualti na kraisisi ilikuwa ni sindano ya pethidini, inashika haraka halafu masaa mawili matatu imeisha, unaita nesi tena, anakuangalia vibaya. Siku moja nimedungwa siku ya tatu mfululizo, mikono ikaanza kuruka yenyewe, kikombe cha chai kikaanguka, halafu sikumbuki, niliambiwa nilipata kifafa. Daktari mwingine ndio akanieleza kwamba pethidini mwilini inageuka kuwa kitu kingine ambacho kinakaa kwa muda mrefu na kinasumbua ubongo, na kama figo haziko sawa kinajazana. Tangu siku hiyo imeandikwa kwa faili yangu nisipewe tena. Nikahamishwa mofini.

Kuhusu uteja wacha nikwambie ukweli wangu. Mwaka huo huo nilienda hospitali fulani nikiwa safarini, nikataja dawa yangu na dozi yangu, yule aliyekuwa zamu akamwambia mwenzake, mbele yangu, huyu ametafuta mofini. Nilikuwa natetemeka kwa maumivu. Nilikaa kwa benchi mpaka asubuhi na Panadol mbili. Ile aibu ndiyo iliniuma kuliko mifupa. Tangu hapo natembea na barua ya daktari wangu, iko kwa karatasi ya plastiki ndani ya pochi, imeandikwa ugonjwa, dawa za kila siku, dawa ya kraisisi na kipimo chake, dawa nisiyofaa kupewa, na namba ya kliniki. Sasa nikifika mahali sisemi kitu, natoa barua. Omba yako kabla hata hujatoka kliniki siku ile utarudi. Hiyo ndiyo jibu ya swali lako la kraisisi, mpango unaandikwa mapema ukiwa mzima, usiku wa saa nane hakuna mtu atakuskiza.

Na mofini haina ngazi ya mwisho vile unafikiria, ukishikwa wanaongeza kipimo juu ya kile cha kawaida halafu wanakirudisha chini ikipita.

nesi_shufaa

Dada binti_mlimani pole sana. Mimi ni nesi, nipo kwenye tiba shufaa (ya kutuliza maumivu ya wenye magonjwa makubwa) mwaka wa 14 sasa. Sijakuona wala sijaona vipimo vyako kwahiyo dozi sitakugusia, lakini kuna vitu ungepaswa kuelezwa kabla hujatoka pale dirishani na haukuelezwa, ngoja nikueleze.

Naanza na ulichokiweka mwisho kama kitu kidogo. Amitriptilini na tramadoli kwa pamoja siyo kitu kidogo. Trama ina kazi mbili, upande mmoja inafanya kama mofini, upande mwingine inagusa kemikali za ubongo zilezile zinazoguswa na dawa za sonona, na amitriptilini ni mojawapo ya hizo. Ukiziweka pamoja na amitriptilini hatari ya kifafa inaongezeka, na mtu anaweza kupata kutetemeka, joto, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa. Kama umekaa nazo muda bila shida mshukuru Mungu, lakini huyo daktari aliyekuandikia mofini lazima ajue, na nina uhakika hajui maana umesema zimetoka hospitali tofauti. Kesho asubuhi piga namba iliyopo kwenye kadi yako ya kliniki au mtume mtu. Usisubiri wiki mbili.

Sasa arosto uliyoipata mwaka jana. Lile jasho na mafua na miguu kukosa utulivu ni mwili uliozoea dawa kunyimwa ghafla. Mwili kuzoea siyo uteja. Mtu akinywa dawa za aina hii kila siku kwa wiki kadhaa mwili utazoea, awe padri awe mtoto mchanga. Uteja ni ile hali ya kuitafuta dawa hata kama haina kazi, inakuharibia maisha na bado unaifuata. Inaweza kumtokea mgonjwa pia, sikufichi, ndo maana tunafuatilia, lakini wewe uliyeacha chupa juu ya kabati siku tatu huku unauma shuka siyo mtu ninayemwogopea leo.

Kwahiyo trama haitakiwi kukatwa kama umeme. Ukianza mofini ule upande mmoja wa trama unafidiwa, ule upande wa pili haufidiwi, ndo maana madaktari wengi wanaipunguza kidogokidogo huku mofini inaingia. Ipunguzwe kwa hatua zipi na kwa siku ngapi, na kama zinapishana au la, hilo ndo la kumuuliza kesho kwenye simu ileile. Usijipangie mwenyewe maana zote mbili zinalaza na zote mbili zinapunguza pumzi zikizidi.

Halafu kuna kitu watu wanakosea sana. Umetoka trama miligramu 200 kwa siku, unapewa mofini miligramu 10 kwa siku, unaona namba imeshuka unadhani umepunjwa. Hizi dawa hazilinganishwi namba kwa namba, mofini ina nguvu mara nyingi zaidi kwa uzito uleule. Na ukibadilisha mtu dawa ya jamii hii tunaanza chini ya hesabu inavyosema, kwa sababu mwili uliozoea ile ya zamani haujaizoea hii kwa kiasi kilekile. Kwako wewe kuna figo pia, mofini ikishavunjwa mwilini mabaki yake yanatolewa na figo, zikiwa zimechoka yanabaki, ndo maana kakupa kila masaa 6 wakati wengine wanapewa kila masaa 4. Huyo daktari amefikiri vizuri hata kama hakupata muda wa kukuambia. Ila maana yake ni kwamba siku tatu nne za mwanzo inaweza isitoshe. Usiongeze mwenyewe. Chukua daftari, andika saa uliyokunywa, maumivu kabla na baada ya saa moja kwa 0 mpaka 10, na umeweza kufanya nini siku hiyo. Daktari akiona daftari anaongeza kwa ushahidi.

Choo. Hakuna anayependa kuliongelea lakini ndilo linalofanya watu waitupe hii dawa. Kichefuchefu na usingizi mara nyingi vinaisha ndani ya siku chache mpaka wiki. Kufunga choo hakuishi, utumbo hauizoei. Kwahiyo dawa ya choo inaanza siku moja na mofini, siyo siku ya tano tumbo limeshakuwa ngoma. Bisakodili au senna au unayoandikiwa, na maji ya kutosha ambayo wewe kwa siko seli unayahitaji hata hivyo. Kama hujapewa dai.

Dalili za kumwambia mama azijue kwa moyo: usingizi ambao hata ukitikiswa huamki vizuri, pumzi za polepole sana, mboni za macho kuwa ndogo kama kichwa cha pini, misuli kurukaruka yenyewe. Hiyo ya mwisho kwa mtu wa figo ni ya mapema, usiidharau. Ikitokea usinywe dozi inayofuata, nenda hospitali. Na usichanganye na valiamu, pombe, dawa ya kikohozi yenye kodeini, wala Piriton ya kujipa mwenyewe ngozi ikiwasha, uliza kwanza. Jambo jingine la watu wa siko seli tu, ukilala sana na kifua hakipanuki mapafu yanapata shida, kwahiyo ukiwa macho vuta pumzi ndefu mara 10 kila masaa mawili. Maumivu ya kifua, homa, au pumzi kubana hayo hayatulizwi nyumbani hata siku moja.

Mwambie mama hivi. Ile ngazi ya dawa za maumivu ya WHO (Shirika la Afya Duniani), ya kuanza dawa nyepesi mpaka nzito kama mofini, ya mwaka 1986, ilitengenezwa kwa ajili ya saratani, na kwetu mofini imekaa muda mrefu kwenye wodi za saratani, ndo maana kila familia inayoijua imeijua kwenye msiba. Baba mdogo aliuawa na saratani. Mofini ilimfanya aweze kuaga watu wake.

kagera_kla

Naongezea dogo. Mimi ni wa Bukoba ila naishi Kampala, dada yangu alitibiwa huku. Mofini ya maji huku inatiwa rangi makusudi, ya kijani ndo nyepesi, 5 mg kwa 5 ml kama ya kwako, ya waridi ni 50 mg kwa 5 ml, mara kumi yake, na kwa macho ya haraka zote ni chupa tu za maji ya rangi. Kwahiyo kila ukienda kuchukua upya soma namba kwenye chupa kabla hujaondoka, usiseme tu nipe ileile. Na usipime kwa kijiko cha chai, vijiko vya nyumbani havifanani. Omba bomba la sindano lisilo na ncha, lile dogo la mililita 5, unavuta mpaka kwenye mstari wa 2 na nusu basi. Dada alikuwa analisuuza analiweka kwenye glasi yake peke yake.

fundi_umeme_dom

Nimesoma wote na nawaheshimu, ila naomba na mimi niseme upande wangu maana sitaki dada aingie bila kujua.

Nina SS, nipo Dodoma, nyonga zote mbili. Mofini nilitumia miezi 8 kila siku. Miezi mitatu ya kwanza nilisema hii ndo dawa, nilirudi kazini. Halafu ikawa inaisha mapema, naongezewa, inaisha mapema tena, naongezewa, mwisho nikawa naumwa mpaka sehemu ambazo hazijawahi kuniuma, ngozi ya mapaja hata shuka ikigusa inauma. Nikadhani ugonjwa umezidi. Daktari bingwa ndo akaniambia kuna watu dawa hizi zikikaa muda mrefu kwa dozi kubwa zenyewe zinafanya mishipa ya fahamu iwe mikali zaidi, maumivu yanaongezeka kwa sababu ya dawa. Tukashuka polepole kwa miezi mitatu, kila hatua nilikuwa na wiki mbaya ya kukosa usingizi na miayo na machozi kutoka yenyewe, halafu inatulia, tunashuka tena. Sa hivi natumia Panadol kwa kipimo, haidroksi ambayo walikuja kugundua nilikuwa nakunywa dozi ndogo kuliko uzito wangu, mazoezi ya fiziotherapi, na mofini ni ya kraisisi tu.

Sisemi usinywe. Kwa hali uliyoieleza ningeinywa leo. Nasema siku ukirudi muulize daktari inaishia wapi. Je ni ya kunivusha mpaka upasuaji wa nyonga ya bandia? Ni ya miezi mingapi? Tutajuaje kwamba imeacha kusaidia? Mimi hakuna aliyeniuliza hayo na mimi sikujua kuuliza.

Na fimbo. Nyonga mbovu ni ya kushoto, fimbo shika mkono wa KULIA. Watu wengi wanashika upande unaouma, mimi pia nilifanya hivyo mwaka mzima. Ukishika upande mzima uzito unatoka kwenye nyonga kweli.

nesi_shufaa

Fundi asante sana, hili linatokea na ni muhimu alisikie. Ndo maana kwenye daftari nimesema aandike ameweza kufanya nini, siyo namba tu. Dozi ikipanda na kazi alizoweza kufanya hazipandi, hapo mnakaa chini na daktari. Na ushauri wa haidroksi nauunga mkono, dozi inakwenda kwa uzito na kwa kipimo cha damu, siyo milele ileile, na kwa kuwa kreatinini imepanda basi na yenyewe waiangalie upya.

jamaa_wa_kisumu

Nesi naomba niulize kitu. Mimi kodeini haijawahi kunisaidia hata siku moja, nilikuwa naambiwa ati najifanya ndio nipewe kubwa. Na binti pia amesema trama imemwacha akiuma shuka. Inawezekana?

nesi_shufaa

Inawezekana kabisa kaka. Kodeini yenyewe haina nguvu mpaka ini liigeuze kuwa mofini, na trama pia inategemea ini kwa sehemu kubwa. Kuna watu wamezaliwa ini lao haliigeuzi, hao wanakunywa kama maji. Kuna wengine linaigeuza haraka mno, kidonge kimoja wanalewa. Mofini haihitaji kugeuzwa hivyo ndo ifanye kazi. Hukuwa unajifanya.

jamaa_wa_kisumu

Asante. Miaka kumi nimesubiri mtu aniambie hivyo.

binti_mlimani

Nimesoma zote, nimemsomea na mama kwa sauti. Alinyamaza muda mrefu pale kwenye habari ya baba mdogo, halafu akasema lete hiyo chupa niione vizuri.

Asubuhi nimepiga kliniki, nimezungushwa kidogo lakini daktari mwenyewe alikuja kuongea. Amitriptilini hakuwa anajua kweli, amesema niiweke pembeni kwanza. Trama nibaki na ya asubuhi na ya usiku kwa siku nne, halafu ya usiku tu siku nne, halafu basi, na mofini nianze leo kwa kipimo kilekile. Dawa ya choo alisahau, ameniandikia, kaka yangu anaipitia. Naanza saa 12 jioni.

mama_doto

Tupo na wewe. Ukiweza andika kesho hata neno moja.

binti_mlimani

Mzima. Nimelala masaa manne mfululizo.

binti_mlimani

Ndugu zangu narudi baada ya wiki mbili na siku mbili, jana ndo nimetoka kliniki.

Siku tatu za mwanzo nilikuwa na kichefuchefu kibaya, harufu ya dagaa tu nakimbia nje, na usingizi wa mchana nimeshona kola ya shati la mtu kinyumenyume ikabidi nifumue. Siku ya tano ikapungua. Arosto ya trama ilikuja lakini siyo kama ile ya mwaka jana, usiku mbili miguu ilisumbua na jasho, siku ya kuacha kabisa nililialia bila sababu, ikapita. Choo namshukuru nesi, sitasema zaidi. Maumivu kwenye daftari yalikuwa 8 na 9, sasa yanacheza 4 na 5, asubuhi ndo mabaya kabla ya ile ya saa 12. Ya saa 6 usiku mama ndo ananiamshia, anapima mwenyewe kwa tochi ya simu, analiinua bomba juu analiangalia kwenye mwanga mpaka aridhike.

Daktari ameangalia daftari ukurasa kwa ukurasa, hakuongeza dozi, alisema kwa figo zangu tuiache hapa tuone. Barua nimepewa, imegongwa muhuri, nimeilamineti pale steshenari. Nikamuuliza maswali ya fundi kama yalivyo, inaishia wapi. Akaweka kalamu chini, akasema mpango ni miezi mitatu mpaka minne huku ananiandikia rufaa ya mifupa waangalie kama nyonga inafaa kubadilishwa au bado, na kila mwezi tunapima kama dawa inanisaidia kufanya kazi, isiponisaidia tunashuka. Fiziotherapi naanza Jumanne. Cherehani kaka anatafuta mota ya kuifunga nisikanyage tena.

Fimbo nimeshika kulia. Jana nimeshuka ngazi zote nimesimama, nilipumzika mara mbili kwenye lile jiwe kubwa lakini nimeshuka nimesimama. Kreatinini narudia mwezi ujao, nikipata majibu nitayaleta hapahapa.